Kabla Hujamwambia Daktari Ang'oe

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia nikiwa na mama yako, maana unaongea kwa upande mmoja wa mdomo na maneno mengine yamebaki huko huko. Tulichokielewa ni hiki: gego la chini kulia lilikatika kipande ulipouma mfupa kwenye supu ya asubuhi. Maji ya friji yanalitesa na chai ya moto ndiyo usiseme. Daktari kakuambia atibu mzizi kisha alifunike kwa kofia. Dada wa dirisha la bima kakuambia kifurushi chenu kinalipa kung'oa na kuziba bila maneno, mzizi kinalipa mpaka kikomo cha mwaka kiishe, na kofia hakiitambui kabisa. Ndipo ukauliza, "Shangazi, si ning'oe tu yaishe?"

Kazi yangu ilikuwa utabibu wa meno, na koleo nimelishika mpaka nikastaafu. Siwezi kukuambia kung'oa ni dhambi. Ila swali ulilopaswa kuuliza mwisho wewe umelitanguliza. Umeuliza bima inalipa nini, ukajibiwa kung'oa, ukaona hiyo ndiyo tiba. Aliyeandika kifurushi chenu hajawahi kuona mdomo wako. Alihesabu wafanyakazi wa kampuni, akapima mwajiri anaweza kutoa kiasi gani, akatenga fungu dogo la meno. Hajui kama gego lako limevunjika juu juu au limepasuka hadi mzizini. Kwanza tujue jino lenyewe linaweza nini, pesa tutaijia.

Hilo gego, kwa jinsi ulivyoeleza, ni la sita ukihesabu kutoka katikati ya mdomo. Huota mtoto akifika miaka sita hivi, nyuma ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa hiyo wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto, litang'oka lenyewe, na hawalisemei kitu likianza kuwa na weusi. Ndiyo maana katika maisha yangu ya kazi ndilo nililoliziba na kuling'oa kuliko mengine. Ndilo pia linalobeba kazi kubwa ya kutafuna. Wewe una miaka 20 na kitu, na hilo gego kwa hesabu ya kawaida lina nusu karne ya kazi mbele yake.

Sasa nieleze vizuri linavyouma, maana maumivu ya jino yana habari ndani yake kwa anayejua kuyasikiliza. Gamba la nje, enameli, ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini lakini halina uhai. Likivunjika halijiungi, tofauti na mfupa. Chini yake kuna dentini, na katikati kabisa kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu inayoshuka hadi ncha za mizizi. Ukinywa maji baridi likauma kisha likanyamaza mara tu unapomeza, kiini kimekasirika lakini bado kizima, na huenda kuziba vizuri kukatosha. Ukimeza na maumivu yakabaki yanapwita nusu dakika, dakika nzima, au yakakuamsha usiku bila kuguswa na kitu, kiini kimeshaumia kiasi cha kutorudi. Hapo kuziba juu peke yake ni kufungia ugonjwa ndani.

Kuna dalili ya tatu, na ndiyo inayowaponza vijana. Maumivu yanakata ghafla. Nilimpokea kondakta mmoja wa daladala, kijana wa rika lako, jino lilimtesa wiki nzima kisha likanyamaza, akachinja kuku wa shukrani. Alirudi miezi kadhaa baadaye shavu limefunga jicho. Jino halikuwa limepona. Kiini kilikuwa kimekufa, na kilichokufa hakiumi, lakini wadudu waliokiua walikuwa wanaendelea kushuka kimya kimya hadi kwenye mfupa. Kwa hiyo hata likinyamaza kesho, safari ya hospitali iko pale pale.

Nataka pia umuulize daktari kama jino limepasuka. Uligonga mfupa, na mfupa hupasua. Gego lenye ufa lina tabia yake: haliumi sana unapouma, linauma unapoachia. Mpe daktari habari hiyo kama unayo. Atakupa kijiti uume upande huu na upande ule wa jino, ncha kwa ncha. Atagonga jino taratibu kwa mpini wa kioo chake, agonge na jirani zake ili apate cha kulinganisha. Atagusisha pamba yenye ubaridi, atapitisha kipimo kando ya fizi kuona kama kuna mahali kinazama ghafla. Kikizama kirefu sehemu moja nyembamba, ni ishara mbaya, ufa umeshuka kwenye mzizi. Eksirei peke yake inaweza isiuonyeshe. Jino lililopasuka hadi mzizini hata ulilipie kofia ya dhahabu litang'olewa tu, na utakuwa umemaliza kikomo chako chote juu yake.

Mambo mawili basi, na yote ni ya kuuliza kabla hujagusa pochi: kiini kina hali gani, na juu ya fizi kumebaki jino zima kiasi gani. Hilo la pili wagonjwa hawaliulizi. Kofia haishiki hewani, inashika ukingo wa jino uliobaki, na madaktari hutaka angalau milimita mbili hivi za ukuta mzima kuzunguka. Muulize wazi: "Daktari, baada ya kutoa kilichooza, kutabaki cha kushikia?" Akisita, mwombe asafishe uozo kwanza mje mtazame pamoja ndipo muamue. Daktari mwenye kujiamini hakasiriki kuulizwa hivyo.

Tukiambiwa kiini kimekufa lakini mizizi ni mizima, ndipo inakuja hiyo tiba ya mzizi inayokutisha kwa bei. Nikueleze unacholipia. Gego lako la chini lina mizizi miwili na ndani yake mara nyingi njia tatu, pengine nne, nyembamba sana. Unapigwa ganzi. Jino linazungushiwa karatasi ya mpira ili mate yasiingie na dawa isikudondokee kooni. Daktari anatoboa juu, anaingiza visindano vya chuma vyenye makeketo, kimoja baada ya kingine, anakwangua njia hizo hadi karibu na ncha ya mzizi, na urefu wake anaupima kwa eksirei au kwa mashine ndogo inayolia. Kila hatua anasuuza kwa dawa ya jamii moja na ile ya kung'arishia nguo nyeupe, ndiyo maana ya ule mpira. Mwisho anazijaza njia hizo kwa gatapecha, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki unaolainika kwa joto, na kuziba kabisa. Ni kazi ya saa nzima au zaidi, wakati mwingine kwa mahudhurio mawili au matatu. Kung'oa gego hilo hilo ni dakika chache. Bei zimetofautiana kwa sababu hiyo.

Wanaosema tiba hii inauma kuliko kung'oa, waulize kama walifanyiwa au walihadithiwa. Kwa ganzi iliyoshika, ni kuchoka kukaa mdomo wazi. Kero ni kwamba jino lililotibiwa mzizi linakuwa limechimbwa katikati na kuta zake ni nyembamba, na gego lililoachwa hivyo na kizibo cha kawaida hupasuka siku ya mahindi ya kuchoma. Ndiyo maana daktari kakutajia kofia. Hakukutajia ili akukamue. Lakini kofia ya leo si lazima. Kuna njia ya kati ambayo wagonjwa wa bima ndogo hawaambiwi mpaka waulize: daktari anaweza kupunguza zile ncha za gego na kuzijenga upya kwa dawa ya kuzibia, ikafunika juu kote, ili nguvu ya kutafuna isizipanue kuta. Haidumu kama kofia nzuri, lakini inakuvusha miaka kadhaa ukijikusanya. Na kwenye karatasi ya bima, hiyo ni kuziba. Si udanganyifu, ni kuziba kweli. Ila liandikwe lilivyofanyika, usimwombe mtu aandike kingine.

Kuhusu kuziba, nisisikie ukikudharau kwamba ni tiba ya maskini. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, kwenye programu ya shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, ndiko kulikoanzia njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme: unakwangua uozo laini, unajaza saruji ya meno inayoitwa glasi ayonoma, ambayo hushikana na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia nzima, na mwaka 2021 saruji hiyo ikaingia kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwa tundu dogo, kifurushi chako cha kuziba kinakutosha kabisa na mabaki yake. Ungekuja na tundu dogo tusingeandikiana urefu huu. Ulilisubiri hilo la kulia mpaka likamegeka, lakini hayo ni ya mama yako kukuambia, mimi nimetumwa kwenye tiba.

Haya, pesa.

Nenda kwa mtu wa rasilimali watu kazini kwenu ukaombe karatasi ya kifurushi, usitegemee alichokumbuka dada wa dirishani. Bima nyingi za kampuni binafsi hutenga meno kwenye fungu lake lenye kikomo cha mwaka, mbali na kulazwa na wagonjwa wa nje. Soma mwaka wenyewe unaanza lini, kwani wengine ni Januari na wengine ni tarehe kampuni ilipotia saini mkataba. Soma kama fungu hilo ni lako peke yako au mnakula pamoja na mkeo na mtoto, maana mtoto akizibwa meno mawili Juni, Desemba unakuta chungu kitupu. Soma kama tiba ya mzizi inahitaji idhini kabla ya kuanza. Ikihitajika na daktari akaanza bila kuiomba, deni litakurudia wewe. Na soma sehemu ya visivyolipwa, iliyoandikwa herufi ndogo: kofia, daraja, kipandikizi, kunyoosha na kung'arisha meno huwa humo mara kwa mara.

Kama ungekuwa mtumishi wa umma, kadi yako ingekuwa ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambao unafanya kazi tangu 2001, mchango wake ni asilimia 6 ya mshahara, nusu anakatwa mtumishi na nusu anatoa mwajiri. Nao wana kitita chao cha mafao, na kitita hubadilika. Machi 2024 kilipobadilishwa, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama, na watu walifika dirishani na kadi zao wakarudishwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023, ni jambo jema, lakini kadi yoyote utakayokuwa nayo piga simu siku moja kabla uulize kama wanaipokea na kama daktari wa meno yupo.

Kisha rudi kwa daktari umwombe makadirio kwa maandishi, kila kitu kwa mstari wake: eksirei, ganzi, mzizi, kujenga jino, kofia na ya aina gani, mahudhurio mangapi. Makadirio ya jumla, namba moja chini ya karatasi, usiyakubali. Namba zikiwa zimetengana ndipo unaweza kuzipanga. Chukua mfano huu, ni wa kukuonyesha njia tu wala si bei za mahali popote. Kikomo chako ni shilingi 400,000, na mapema mwaka huu ulitumia 100,000 kusafisha meno. Zimebaki 300,000. Mzizi wanataka 320,000, kujenga jino 90,000, kofia 400,000. Ukijumlisha ni 810,000 na roho inakutoka, unasema ng'oa. Ukizitenganisha, mzizi bima inalipa wote isipokuwa 20,000 unazotoa mfukoni. Kujenga jino, kama mwaka wa bima unaanza upya wiki mbili tatu zijazo, kunasubiri kidogo na kulipwa na kikomo kipya. Kofia ni yako, lakini ni ya baadaye, unaiwekea 50,000 kila mwezi na kabla mwaka haujaisha unayo. Jino halikukuomba 810,000 siku moja.

Nimesema wiki mbili tatu, usinisikie miezi mitatu. Kile kizibo cha muda wanachokuwekea katikati kinavuja. Mate yakishaingia kwenye njia zilizosafishwa, kazi yote inarudi sifuri na bima haitalipa mara ya pili kwa moyo mweupe. Na mambo ya kusubiri mwaka mpya yanahusu jino lililotulia tu. Lenye usaha halisubiri kalenda ya mtu.

Kama bei ya hospitali uliyokwenda imezidi, usihame tiba, hama hospitali. Ulizia hospitali ya mkoa ya serikali, nyingi zina kitengo cha meno chenye daktari kamili. Pale Muhimbili kuna chuo kinachofundisha madaktari wa meno, na wanafunzi hutibu chini ya macho ya walimu wao. Inachukua muda mrefu zaidi kwa sababu kila hatua inakaguliwa, na mimi kukaguliwa huko nakupenda. Kliniki binafsi nazo, ukiuliza kwa adabu, nyingi hupokea malipo kwa awamu. Vijana mnaona haya kuomba kulipa kidogo kidogo hospitalini, na simu mliyokopa kwa awamu iko mkononi.

Sasa upande wa koleo, maana nisije nikaonekana nimekataza. Mimi mwenyewe ningekushauri ung'oe kama ufa umefika mzizini. Ningekushauri ung'oe kama limeoza hadi chini ya fizi na hakuna cha kushikia, au kama linalegea kwa sababu mfupa unaolishika umeliwa na ugonjwa wa fizi. Lingekuwa gego la mwisho kabisa, lile linaloota utu uzima, nisingekuandikia hata ukurasa. Na nitakuambia lingine ambalo madaktari huliona aibu kulisema: kama unajijua hutamaliza mahudhurio, ng'oa. Nimewaona wengi wanaoanza mzizi, maumivu yakikata hawarudi, wanakuja baada ya mwaka na ganda tupu. Wamelipa tiba ya mzizi na wamelipa na kung'oa.

Pengo la gego moja pia haliui. Kuna watafiti waliowapima watu hapa Tanzania, wakachapisha mwaka 2003, wakaona kwamba mtu mwenye meno yake ya mbele na magego madogo yote, pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, anatafuna vya kutosha. Kwa hiyo ukiwa na magego mazima upande wa kushoto, hutakufa njaa. Lakini angalia mdomo wako kabla hujajipa moyo na habari hiyo. Uliniambia la juu kushoto liling'olewa ukiwa shule ya bweni. Basi jozi zako zimeshapungua, na hili likienda unabaki unatafunia wapi? Ndilo linalonifanya nilipiganie hili. Angekuwa kaka yako, mwenye magego yote, ningesema uamuzi ni wake.

Ukishang'oa, mfupa uliolishika unaanza kupungua, na sehemu kubwa ya kupungua huko ni mwaka wa kwanza. Gego la nyuma yake linaweza kuanza kuinamia pengo, na la juu lililokuwa linakutana nalo likashuka polepole kwa kukosa mwenzake. Si kwa kila mtu wala si kwa haraka, ila ukija kutaka kuziba pengo baada ya miaka kumi unaambiwa nafasi imekwisha. Na kuziba pengo kuna gharama zake. Jino la bandia la kuvaa na kuvua ndilo nafuu, vijana hawalipendi. Daraja linahitaji kuchongwa meno mawili mazima ya jirani. Kipandikizi, ile skrubu ya titani inayokazwa kwenye mfupa, ni kizuri sana, na ni katika vitu vya kwanza ambavyo bima ndogo huvikataa. Kwa hiyo unapolinganisha bei, usilinganishe mzizi na kung'oa. Linganisha mzizi na kung'oa pamoja na kile utakachoweka baadaye. Kama kweli hutaweka kitu, sawa, lakini ujue umeamua hivyo, isije ikawa umesahau tu.

Wakati unahangaika na karatasi hizo, jino litauma. Parasetamoli au ibuprofeni baada ya kula, kwa kipimo kilichoandikwa, na ibuprofeni uiache kama una vidonda vya tumbo. Diklofenaki za kununua tatu tatu dukani kwa wiki nzima, hapana. Usiweke kidonge cha aspirini kwenye fizi, kinaichoma mpaka inageuka nyeupe. Maji ya betri sitaki hata kuyasikia, nimeona midomo. Karafuu ina ukweli wake: mafuta yake ndiyo tunayochanganya na unga wa zinki oksidi kutengeneza kizibo cha muda, kwa hiyo tone kwenye kipamba litakutuliza usiku mmoja. Likikutuliza usijidai umepona. Bibi anayetibu meno kwa ndulele atakufukizia mbegu zake na kukuonyesha vijidudu vyeupe vimeanguka kwenye maji, navyo ni vitoto vya mbegu zenyewe vilivyopasuka kwa moto.

Na hizo amoksilini na metronidazoli ulizosema rafiki yako kakupa nusu dozi, mrudishie. Kiini kilichokufa hakina damu, dawa unayoimeza inapitia wapi kufika ndani ya jino? Antibiotiki ina kazi yake pale maambukizi yameshatoka kwenye jino yakaingia mwilini, yaani uvimbe unaosambaa au homa, na hata hapo inasaidiana na kufungua jino au kuling'oa, haichukui nafasi yake. Kwa maumivu peke yake unajifugia wadudu wasiosikia dawa.

Ukiona uvimbe umeshuka chini ya taya, au mdomo unakataa kufunguka, unameza kwa shida, sauti imebadilika, una homa, hapo usinitafute mimi wala usitafute kikomo. Ni usiku huo huo, hospitali kubwa, pesa itapatikana ukiwa mzima. Uvimbe wa jino ukishuka shingoni unaziba njia ya hewa na unaua watu wazima wenye afya zao. Nimeshuhudia.

Jambo la mwisho ni mtu wa kumpa mdomo wako. Mtaani kuna vishoka wenye kiti na taa, bei zao zinavutia mtu mwenye bima ndogo. Uliza usajili wake wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Tazama vifaa vinatoka kwenye pakiti iliyofungwa au vinatoka kwenye beseni la maji. Na kadi yako usimwazime mtu. Binamu yako alishaniuliza kama anaweza kuitumia, nikamjibu vizuri.

Kwa hiyo wiki hii: karatasi ya kifurushi kutoka kazini, jibu la ule ufa, na makadirio yenye mistari. Usisaini kitu. Nitumie picha ya makadirio na ya eksirei, hiyo eksirei uipige ikiwa imeinuliwa kwenye mwanga wa dirisha, si juu ya meza. Nitakupigia jioni baada ya magharibi, na mpaka hapo tafunia kushoto, polepole.